Wageni wa Mheshimiwa Agneta

Katika hoteli moja ya mtaa wa Al Garhoud, Dubai, Agneta alijulikana kama msimamizi wa wahudumu wa mkahawa. Mhudumu Judy peke yake ndiye aliyejua kwamba huko Kenya mwenzake huyu aliwahi kuwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, kwa kipindi kimoja tu. Uchaguzi uliofuata mpinzani wake, Hudson, alimbwaga vibaya, naye akafunga virago akaja Dubai kutafuta riziki.

Basi asubuhi moja ujumbe wa bunge lile lile, uliokuja kwa ziara ya mafunzo, ukaingia kunywa chai. Mbele yao alikuwa Hudson, amevaa tai nyekundu. Judy alimwambia ajifiche jikoni, yeye atawahudumia. Agneta alikataa. Aliwahi kusimama bungeni akidai wodi ya kujifungulia huku wenzake wakimcheka. Birika la chai lingemshinda vipi?

Alipoinama kumimina, Hudson alitazama jina kifuani pake, akatazama uso. Akainuka. Wenzake nao wakainuka bila kujua sababu.

"Mheshimiwa," alisema, "wodi yako imekamilika. Kina mama walinikalia kooni mpaka nikaimaliza."

"Uliifungua lini?"

"Haijafunguliwa rasmi. Watoto wanazaliwa mle kila wiki, lakini utepe wamekataa nikate mimi. Wanakungoja wewe."

Agneta alicheka mpaka ikabidi aliweke birika chini. Meneja, madam Masuda, alikuja kuuliza kulikoni. Judy alipomweleza, alivuta kiti, akasema yalla, haya, Agneta akae, leo ni mgeni, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Agneta akakaa. Akauliza kama maji yanafika wodini, wauguzi ni nani, na barabara ya kwenda huko je? Hudson alijibu kila swali kama aliyeitwa mbele ya kamati, huku wenzake wakimcheka. Mwishowe akamwomba arudi siasani. Agneta alisema kiti abaki nacho yeye, kazi ya hoteli imemkaa vizuri, ila Desemba atachukua likizo.

Na Desemba alikwenda. Utepe ulikuwa umepaukia juani, kina mama wakiimba hadi sauti zikakauka, na Hudson amesimama kando akimshikia mkoba.