Mghoi wa Kwanza na wa Pili

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimo ndani ya programu niliyoiandika kwa mikono yangu.

Ninajifunza kompyuta kwenye maktaba ya mtaa hapa Voi. Mwalimu ametufundisha kamusi: unaandika jina, unahifadhi jambo chini yake, na siku ukilitaja jina unarudishiwa jambo lako. Nilianza na mama yangu, Mghoi, aliyefariki mwezi wa Machi. Niliweka kila nilichokumbuka, nisije nikakisahau.

Ndotoni kamusi ni chumba kirefu chenye milango midogo kama ya banda la kuku, kila mmoja na jina lake. Walinzi ni nukta mbili, moja imesimama kichwani mwa mwenzake. Ya chini ndiyo msemaji. Ya juu inaafiki.

Naomba Mghoi. Mlango unafunguliwa, nakabidhiwa mtoto mchanga wa kilo tatu na nusu, amelala fofofo. Ni binti wa dada yangu Wakesho.

Naeleza kwamba namtaka bibi yake. Kwetu mjukuu hupewa jina la bibi.

"Kwenu ni kwenu," nukta ya chini inasema. "Hapa ni jina moja, mlango mmoja. Akiingia wa pili, wa kwanza anatolewa."

"Nani alimwingiza wa pili?"

"Wewe, kaka. Alhamisi, baada ya chai. Tena ulikuwa unatabasamu."

Ni kweli. Nilifurahi mno mtoto alipozaliwa.

Nauliza vilivyotolewa hupelekwa wapi. Uani, naambiwa, na kisicho na jina hufagiliwa. Natoka mbio na mtoto mkononi. Uani ni sokoni, watu wamefurika, na ufagio unatembea wenyewe ukisukuma fungu: mbinja za mama za kuita kuku, kicheko chake cha puani, maharagwe yake ya nazi yakiwa bado yanafuka mvuke.

Nauomba usimame.

"Niko zamu," ufagio unajibu. "Yape jina, nitayapita."

Jina la Mghoi limeshachukuliwa. Najaribu Mama. Ufagio unaniuliza mama yupi, maana sokoni hapa wapo mia mbili, na unazidi kusukuma. Maharagwe yanafika ukingoni mwa mtaro.

Ndipo muuza nyanya anapoinua kichwa na kuliuliza lile fungu, bila haraka, "Mama Mwakio, leo hununui?"

Mwakio ni mimi, kifungua mimba wake. Miaka thelathini soko lote lilimwita hivyo.

"Mama Mwakio," nauambia ufagio. "Andika Mama Mwakio."

Ufagio unajiinua na kulizunguka fungu, kama mtu anayempisha paka aliyelala. Mlango mpya unatokea katikati ya vibanda. Mbinja zinatangulia, kicheko kinafuata, maharagwe yanaingia nyuma yakijipakua yenyewe. Nacheka hadi mtoto anaamka.

Nimeamka jua limeshatoka. Kompyuta iko mezani, imewaka. Kwenye kamusi kuna mstari mpya, Mama Mwakio, na chini yake mambo manne. Matatu nayajua. La nne limeandikwa: hufunga macho akivuka reli.

Sikuwahi kulijua hilo. Nimempigia simu Wakesho, nikamsomea.



"Nani kakwambia?" ameuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono."