Komeo la Nje

Greta Salmela aliporudi darasani kutoka mkutanoni, alikuta kiti cha Maren kimepinduliwa na Maren mwenyewe hayupo.

"Yuko wapi?"

"Chumba cha utulivu," alijibu mwalimu aliyemshikia darasa. "Kamrushia mwenzake buti. Mkuu kaja kumchukua."

Utulivu gani! Ilikuwa stoo ya mafagio, wakaipaka rangi ya buluu na kuitia komeo kwa nje. Greta alishuka ngazi mbio. Kilio cha mtoto wa miaka sita, kimeshakauka, kilimpokea koridoni. Mwalimu mkuu, Bwana Halvorsen, alikuwa amesimama mlangoni na kahawa yake mkononi.

"Mwache. Akichoka atanyamaza."

"Fungua."

"Mwalimu Greta, wazazi wananipigia simu kila siku kuhusu huyu mtoto."

"Na mimi nilikuomba msaidizi tangu theluji haijaanguka, ukaniletea komeo! Hebu nipishe."

Alifungua mwenyewe. Maren alikuwa amejikunja pembeni, amejikojolea. Alipomwona Greta alimpiga teke gotini. Greta akakaa chini kando yake mpaka mtoto alipomwegemea.

"Walisema tutoke nje," Maren alinong'ona. "Na mimi sijamaliza kuchora."

Ndivyo fujo zake zilivyoanza siku zote: akikatizwa ghafla. Greta alizoea kumwinamia mapema na kumwambia, "Bado kidogo, halafu tunavaa makoti," naye, siku nyingi, alivaa. Alikwisha kumweleza Halvorsen haya mpaka akachoka.

Alimpigia simu mama yake mtoto, Kaisa. Kaisa alikuja na aproni ya kazini, unga bado mikononi, na Greta akamwonyesha chumba. Kaisa aligusa komeo, akamgeukia Halvorsen.

"Mbwa wangu simfungii humu. Wewe umemfungia mwanangu?"

"Mama, tulia kwanza..."

"Nitulie? Niingie humo, basi, unifungie na mimi!"

Kaisa alilalamika kwa bodi ya shule, na Greta akaenda kutoa ushahidi. Komeo likang'olewa. Msaidizi akaletwa, lakini wa asubuhi tu. Greta akapewa onyo kwa kumkosea heshima mkuu wake.

Maren bado hurusha vitu, ila si kama zamani. Halvorsen bado yupo, na kila asubuhi humsalimia Greta kwa tabasamu. Greta hupita kama hakusikia, meno ameyauma, mpaka afike darasani kwake.