Mkwaruzo wa Baba Mkubwa

Injini iliwaka Ijumaa saa tisa alasiri, kwa mvuto wa nne wa kamba, na Msasa akaruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Imewaka! Mke wangu, imewaka! Njoo uone!"

Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake iko chumba cha mbele cha karakana hiyo hiyo. Alikuja mbio na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akamkuta mumewe anacheza. Sisemi alikuwa anarukaruka, nasema anacheza, mabega na kiuno, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili mwenye mvi kidevuni, akilizunguka pipa la maji ambalo injini ilifungwa ukingoni mwake, na moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo umejaa mpaka darini. Mkewe naye akaanza kucheza.

Na walikuwa na haki yao. Hiyo ilikuwa injini ya boti za mashindano, ya zamani, silinda mbili zinazotazamana na mabomba mawili mafupi ya moshi yasiyo na chochote cha kupunguza kelele, na ilikuwa haijatoa hata chafya kwa miaka thelathini na tisa. Ililetwa karakana ndani ya gunia. Pistoni zilikuwa zimeganda na nyigu walishajenga nyumba ndani ya kabureta, ukoo mzima. Msasa alikaa nayo miezi saba. Pistoni alizilowesha kwa mafuta akazigonga kwa nyundo ya mbao, zikasogea unywele mmoja kwa siku. Gasketi alizikata kwa mkono. Na kila kilichokuwa na kutu alikisugua.

Kusugua ndiko kulikompa jina. Fundi huyu haoni doa kwenye chuma akapata usingizi. Mfukoni mwake hamkosekani kipande cha karatasi ya msasa, na kwenye harusi ya mdogo wake, wageni wote wakiwa wanakula, alikutwa uani anasugua kitasa cha mlango.

Mwenye injini alikuwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake. Wakati wa ujana wake bibi huyu alishindana kwa boti na kuwaacha wanaume wakila mawimbi yake. Mumewe, baba mkubwa, ndiye aliyekuwa fundi wake, na ndiye aliyemfundisha Msasa kushika spana. Mzee alifariki mwaka jana. Baada ya msiba mama mkubwa alikuja na lile gunia, akalitua juu ya meza ya kazi.

"Picha zake ninazo sanduku zima," alisema. "Sauti yake sina. Unamjua, hakuwa msemaji. Alichotaka kuniambia alikuwa anakiweka humu. Nataka niisikie kama alivyoiacha, mwanangu. Si zaidi. Kama alivyoiacha."

Basi unaweza kuelewa kwa nini mtu alicheza. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, mama mkubwa alikuwa anakuja.

Mkewe ndiye aliyeacha kucheza kwanza. Aliinamisha kichwa upande.

"Ndivyo inavyolia?"

"Inavyolia vipi?"

"Inakohoa. Kama pampu ya kumwagilia bustani."

Msasa alisimama, akasikiliza, na furaha ikaanza kumtoka. Alipokuwa mtoto alikuwa anasimama ufukoni siku za mashindano, na injini hii ikipita ulikuwa unashika kifua bila kujua umekishika. Hii ya leo haikushikisha mtu kifua. Aliizima. Aliangalia mafuta, akaangalia plagi, akafungua kabureta na kuifunga tena. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akabaki na kitu kimoja tu cha kuangalia, akalitoa lile gurudumu zito la juu ambalo kamba huzungushiwa.

Chini ya gurudumu kuna sahani inayoamua cheche iruke lini. Ukiizungusha huku, cheche inawahi. Ukiizungusha kule, inachelewa. Kiwanda kilipiga nukta yake pale, lakini baba mkubwa alikuwa amekwangua vichwa vya silinda ili injini iwe na nguvu, na tangu hapo nukta ya kiwanda haikuwa na maana. Alitafuta mahali pake mwenyewe. Alipopapata, akapawekea mkwaruzo mmoja kwa ncha ya msumari, kuanzia ukingo wa sahani mpaka kwenye shingo ya injini. Nusu mbili za mkwaruzo zikikutana, umefika.

Sasa ukingo ule uling'aa kama sufuria mpya. Msasa aliutazama, akakaa juu ya debe.

Alikumbuka. Ilikuwa mwezi wa pili wa kazi. Alifuta grisi, akaona mkwaruzo, akasikitika kwamba kuna mzembe aliyeharibu chuma kizuri namna ile. Kisha akatia mkono mfukoni.

Na ukutani, juu ya meza ile ile, kwa mwandiko wake mwenyewe, pameandikwa: PICHA KWANZA, MKONO BAADAYE. Picha alipiga kweli. Alizitafuta kwenye simu, zikaonyesha grisi nyeusi na kidole chake gumba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe alisema, akiuelekezea kidole mfuko wa suruali ya mumewe.

Msasa hakuwa na nguvu ya kucheka. Kubahatisha hakuthubutu, maana cheche ikiwahi kupita kiasi pistoni inatoboka, na pistoni za aina ile ziliacha kutengenezwa kabla yeye hajaoa. Akabaki na wazo moja baya, akalisema kwa sauti ndogo.

"Na tukimwambia mama mkubwa ndivyo ilivyokuwa siku zote? Masikio yake yenyewe siku hizi unayajua. Ukimsalimia mara tatu anaitikia moja."

"Mficha uchi hazai," mkewe alijibu. "Kesho akishuka tu kwenye teksi, mwambie."

Mama mkubwa alishuka kwenye teksi saa mbili asubuhi. Alivaa suruali, jambo ambalo hawakuwa wamelishuhudia kwa miaka mingi, na mkononi alikuwa na mfuko. Uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha, na hilo lilimfanya Msasa atamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba! Iko wapi?"

"Kabla hujaiona... kuna kitu nimefanya. Nimeufuta mkwaruzo."

"Umefunga nini?"

"Nimeufuta. Mkwaruzo."

"Sema kama mwanamume!"

"NIMEUFUTA MKWARUZO WA BABA MKUBWA! NIMEUSUGUA KWA MSASA!"

Jirani mwenye kuchomelea mageti alizima mashine yake na kuinua miwani. Mtaa mzima sasa ulijua.

Mama mkubwa alimpita. Aliingia, akaliona gurudumu mezani na ule ukingo unaong'aa, akaupitishia kidole taratibu, kwenda na kurudi. Macho yake yalijaa maji. Msasa alitamani apigwe, angalau ingekuwa imekwisha.

"Ule wa msumari," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Tuliutafuta siku nzima ule." Akamgeukia. "Unadhani aliupataje?"

"Kwa vipimo, nadhani."

"Vipimo vya wapi! Aliupata kupitia mimi. Aliniweka ndani ya boti, boti kaifunga kwa kamba, yeye anasogeza sahani kidogo kidogo, na mimi namwambia bado, bado, bado, hapo. Boti yangu iko wapi?"

Msasa alionyesha juu. Boti, ambayo bibi aliileta baada ya lile gunia, ilining'inia kwenye mbao za paa, nyembamba na bapa, imezibwa nyufa na kupakwa vanishi tangu mwezi uliopita.

"Lakini mama mkubwa," alisema, na hakujua aseme vipi bila kumvunjia heshima, "masikio..."

"Nani kakwambia habari ya masikio? Ukiwa na injini ile mgongoni masikio yanakufa dakika ya kwanza. Na boti ile hukai kama uko kwenye kochi, unapiga magoti. Mimi niliisikia kwa magoti." Akafungua mfuko, akatoa pedi mbili za ngozi, kuukuu, zimebonyea katikati. "Ishusheni."

Hapo ndipo furaha iliporudi, na ilirudi na ndugu zake. Msasa na mkewe waliishusha boti, jirani wa mageti akashika upande mmoja bila kuombwa, wakaibeba mpaka kwenye maji yaliyo nyuma ya karakana, penye gati fupi la mbao. Msasa alirudisha gurudumu, akafunga injini kwenye ubao wa nyuma wa boti, akakaza, akajaza mafuta. Boti ikafungwa kwa kamba mbili nene kwenye nguzo za gati. Mama mkubwa alijifunga pedi, akashikwa mkono na mkewe Msasa, akaingia, akaanza kushuka kwenye sakafu ya boti, goti moja, kisha la pili, kila moja na kilio chake.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema kwa meno yaliyoumana. "Ngumi ni bado. Kiganja ni hapo. Washa!"

Msasa alivuta kamba. Mara ya pili ikashika. Moshi ukafunika gati, na kikohozi kile kile cha jana kikaanza. Alilala kifudifudi juu ya mbao, mkono mmoja umenyooka hadi kwenye mpini wa sahani unaochomoza chini ya gurudumu, macho kwenye mgongo wa mama mkubwa. Bibi alitazama mbele. Ngumi yake ilikuwa juu.

Alisogeza kidogo. Ngumi. Akasogeza tena, unywele mmoja, kama alivyozisogeza zile pistoni. Kikohozi kikapungua, kisha kikapotea, na injini ikaanza kunguruma vizuri kabisa. Ilikuwa inanguruma kiasi ambacho fundi yeyote mwenye akili timamu angekaza pale, akajipongeza na kwenda kunywa chai. Ngumi haikushuka.

Alisogeza. Maji nyuma ya boti yalichemka, kamba zikakazika. Jasho lilimwingia machoni. Kila alichokijua kuhusu injini kilikuwa kinamwambia asimame, kwamba mbele ya hapo kuna tundu kwenye pistoni na mwisho wa kila kitu. Alisimamisha mkono.

Ngumi ilitikisika kwa hasira. Bado!

Msasa alipiga moyo konde, akasogeza kiasi cha upana wa ukucha.

Na sauti ikafunguka. Ilipanda ghafla, ikawa moja, kali na safi, ikatoka kwenye mabomba yale mawili na kupita juu ya maji, ikamwingia kupitia mbao za gati mpaka kwenye mbavu. Aliijua. Alikuwa na miaka tisa tena, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kifua. Mkewe alikuwa anapiga kelele na haikusikika anasema nini. Jirani wa mageti alivua kofia.

Kiganja kilifunguka, vidole vyote vitano.

Msasa alikaza parafujo ya mpini kwa haraka. Alipoinua macho, mama mkubwa alikuwa ameshusha kile kiganja na kukilaza kwenye sakafu ya boti, na kingine kando yake, na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Haukuwa unatikiswa na injini. Msasa aliona, akaiacha iendelee kulia. Hakuna aliyemharakisha. Baada ya muda bibi alipitisha mkono shingoni kama kisu, ishara ya zamani, naye akazima.

Mama mkubwa alijifuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe. Lete msumari."

Msasa alilitoa gurudumu kwa uangalifu, bila kuigusa sahani, akamletea msumari na kitambaa cha kushikia maana chuma kilikuwa moto. Alidhani bibi atamwachia yeye akwaruze. Bibi alimkazia macho tu. Aliinama akakwaruza mwenyewe, kutoka ukingo wa sahani hadi shingo ya injini. Mkono wa miaka sabini na saba hautulii, na mstari ulitoka umepinda katikati, na vichuma vidogo vimeinuka pembeni. Ulikuwa mkwaruzo mbaya kuliko wa kwanza.

"Zamu ile aliweka yeye," alisema. "Hii nimeweka mimi."

Msasa aliutazama mstari ule uliopinda. Mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ulianza safari ya mfukoni.

"Mkono!" walisema wanawake wawili kwa pamoja.

Akaitoa ile karatasi ya msasa, imekunjwa mara nne, akampa mkewe. Mkewe aliitia ndani ya kifua cha gauni, mahali ambapo haiibiwi, na jirani akacheka mpaka akakaa chini. Msasa alirudisha gurudumu, akalikaza. Aligeuka ili ampe mama mkubwa mkono wa kutoka ndani ya boti.

Mama mkubwa hakuupokea. Alikuwa ameanza kukaza upya pedi za magoti.

"Washa," alisema. "Halafu fungua hizo kamba."

"Mama mkubwa!"

"Umesema?" aliuliza bibi, akitega sikio. "Sisikii."

Msasa alimtazama mkewe ili asaidiwe. Mkewe alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya kwanza, anafungua fundo.