Abiria wa Kiti cha Nyuma

Gari langu ni dogo, limekwenda juu kuliko mbele, lina milango miwili na rangi ya kiini cha yai. Nililinunua mwaka niliostaafu kusimamia chumba cha kufulia cha hospitali, baada ya kujifunza kuendesha kwa mwalimu ambaye nadhani alinipitisha kwa kuchoka. Binti yetu mkubwa alipoliona aliuliza mbona sikutafuta gari la mtu mzima. Nikamjibu mtu mzima tayari yupo, ni mimi, wawili wa nini. Wifi yangu yeye alisema, "Mtu mzima hovyo," kisha akaomba lifti ya sokoni.

Kando ya gia lina mkono mdogo. Ukiuvuta, magurudumu yote manne yanasukuma, na tope lililowashinda wenye magari ya heshima unalipita umekaa wima, unawapungia. Watu wananitafutia sababu nzuri: barabara mbaya, wajukuu, mgongo. Hapana. Nililinunua kwa sababu linanichekesha.

Tatizo lilikuwa mzee wangu. Mume wangu alikuwa dereva wa wakubwa maisha yake yote ya kazi, hajawahi kugonga hata kuku. Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. Daktari alisema ugonjwa wake hula macho kuanzia pembeni, ukiingia ndani taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ni za kuuchelewesha tu. Tangu siku hiyo mzee akahamia sebuleni. Mimi nilitaka atoke aione dunia angali ana macho ya kuionea, maana kesho haina dhamana. Yeye akasema hajazaliwa wa kumwendesha. Wifi yangu, dada yake huyo, akamwambia heri kufa macho kuliko kufa moyo.

"Aliyesema hivyo alikuwa anaona," akajibu.

Nikabembeleza, nikanuna, nikapika vizuri, nikaacha kupika. Wapi. Ndipo jioni moja nikarudi kutoka mlimani gari likinuka. Mzee akatoka mwenyewe hadi uani, jambo alilokuwa ameliacha, akasimama mbele ya boneti akivuta pumzi.

"Umechoma klachi."

"Kidogo."

"Klachi haichomwi kidogo."

Kesho yake nikaichoma tena, makusudi. Iliniuma, Mungu anajua, gari lenyewe ninalipenda kama kitinda mimba. Lakini nilipotaka kutoka tena nilimkuta mlangoni amevaa viatu.

"Twende," akasema. "Siendeshwi. Naenda kulisikiliza gari."

Kwenye kiti cha mbele hatukuelewana. Kila kona mguu wake wa kulia ulifunga breki, ukikanyaga zulia tupu, hadi nikamwambia akitaka kutoboa sakafu nimletee nyundo. Akahamia nyuma. Kumwingiza mtu wa umri ule nyuma ya gari la milango miwili ni kumkunja kama shuka, na mimi shuka nimezikunja nyingi. Majirani wakasema tumegombana. Yeye akakaa pale walipokuwa wanakaa wakubwa zake, kofia magotini, akitoa amri: gia, kona, acha maringo.

Juzi, baada ya mvua, tulipanda kilima hadi kule barabara inakopita mgongoni kabisa, mashamba chini upande mmoja, mji upande wa pili. Nilikuwa na furaha zangu, nikaongeza mwendo.

"Punguza," akasema.

"Mzee, mwendo huu hata bibi harusi asingelalamika."

"Punguza tena."

Hapo nikawaka. Nikamwambia nimechoka kufundishwa kila siku, na kama mwendo unamtisha basi ashuke atembee. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amegeuza kichwa chote dirishani, upande wa mashamba, pua inakaribia kugusa kioo, maana akitazama mbele, pembeni hapaoni tena.

"Mwendo wako hauna kosa," akasema. "Njia hii nimewapitisha wakubwa mpaka nimesahau mara ngapi. Wao ndio walikuwa wanatazama huku. Mimi nilikuwa natazama barabara."

Nikaweka gia ya kwanza, gari likatambaa.

"Ile nyumba ya paa jekundu, pale kwenye miti," akasema. "Imejengwa lini?"

"Ipo tangu sijaolewa."

"Kumbe."

Nyuma yetu magari yakajipanga, honi zikaanza. Zamani mzee angekufa kwa aibu. Nikatoa mkono dirishani nikawaonyesha wapite, mmoja akapita akinitukana, nikamwitikia kwa adabu zote. Barabara ilipoanza kuteremka niligeuza gari bila kumwuliza, tukarudi tulikotoka, polepole vilevile, ili dirisha lake sasa liwe upande wa mji.