Kondoo Atakayenyolewa Jumamosi

Nilikuwa nakwangua ubavu wa kondoo kwa kijiko cha supu wakati Otilia, Mwenyekiti wa mtaa wetu, alipoingia ukumbini, akanusa, akabaki amesimama mlangoni na theluji mabegani.

"Humu mmechinja?"

"Hatujachinja kitu," nilimjibu. "Ni sufu. Mafuta yake yameyeyuka usiku yakaingia kwenye karatasi. Rangi haishiki."

Alivua glavu moja, akapitisha kidole ubavuni. Kidole kilirudi kinang'aa. Kondoo wetu alikaribia kugusa dari, mbao na waya kwa ndani, karatasi na gundi ya unga kwa nje, na tulikuwa tumemkalisha kitako juu ya tela, kama kondoo wanavyokalishwa wakinyolewa. Upande wa kulia alikuwa mzuri. Wa kushoto, ulioelekea jiko la kupashia joto, alikuwa ameloa mafuta kama maandazi.

Otilia aligusa jiko. Bado lilikuwa vuguvugu.

"Nani aliwasha?"

Sikutaka kumjibia mtu. Mzee Froilán Mansilla alikuwa nyuma ya kondoo, akishonea sufu juu ya wavu wa kuvulia kaa. Aliinuka polepole, mkono kiunoni.

"Mimi, Mwenyekiti. Jana wakati wa kufunga. Niliona sufu ina unyevu. Halafu, nani hapa Punta Arenas anaacha nyumba bila moto mwezi wa Julai?"

Swali lake lilikuwa la haki. Gesi kwetu ni rahisi, na huku kusini kabisa Julai ni katikati ya baridi. Jiko huwashwa Aprili na kuzimwa Oktoba, na joto likizidi tunafungua dirisha. Nilikuwa nimewaomba wote wasiliwashe, kwa sababu gundi ya unga ikikaushwa haraka hupasuka. Waliniitikia kwa heshima, kisha wakawa wanalitazama jiko lile kama mgonjwa aliyekatazwa chumvi anavyotazama sahani ya mwenzake.

Kanivali ilikuwa Jumamosi. Kila mtaa hushuka barabara kuu na gari lake na wachezaji wake, na mtaa wetu ulikuwa haujatoka kwa majira mawili ya baridi. Safari hii mpango ulikuwa huu: mbele ya jukwaa la waamuzi, Mzee Froilán amnyoe kondoo, sufu yote itoke kwa kipande kimoja kama inavyotoka mikononi mwa mnyoaji mzuri, na chini yake kondoo aonekane amevaa suruali nyekundu ya ndani, ile ndefu ya baridi.

Froilán alinyoa kondoo tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa, kwenye mashamba ya bara na ya ng'ambo ya mlango wa bahari. Mkewe, Bi Custodia, hakuwahi kumwona hata mara moja. Kunyoa ni kazi ya kiangazi, ya mbali, ya wanaume wanaolala pamoja bandani. Yeye alichokijua ni harufu ya nguo na mgongo wa kusugua. "Miaka yote namkanda," alituambia siku moja, "wala sijui aliuvunjia wapi." Froilán aliendelea kushona. Custodia alipoondoka ndipo aliponiambia, "Jumamosi ataona."

"Mzee Froilán," Otilia alisema, "uliambiwa mara ngapi kuhusu jiko?"

"Mara mbili. Labda tatu."

"Basi Jumamosi atapanda Yerko."

Yerko ni mpwa wa Otilia, fundi wa kuchomelea. Alikuwa amelala chini ya tela akirekebisha gurudumu.

"Mimi?" sauti ilitoka chini.

"Wewe. Una mgongo mzima, na ukiambiwa unasikia."

"Shangazi, mimi kondoo namjua akiwa kwenye sahani."

"Utafundishwa."

Froilán aliketi, akaanza kutia uzi kwenye sindano. Uzi ulimkataa, akaulamba, ukamkataa tena.

Sikumwona Otilia kuwa mkatili. Majira mawili amekuwa akiulizwa kwenye duka la samaki kama mtaa wake bado umelala, na amekuwa akicheka pamoja na wanaomcheka. Aliogopa kosa la pili, na siku zilikuwa chache.

Custodia aliingia na beseni la maandazi likiwa limefunikwa kwa kitambaa. Alituangalia, akamwona mumewe ameinama hivyo, akauliza kuna nini. Otilia alimweleza taratibu, bila kuongeza chumvi. Custodia aliweka beseni chini.

"Jirani Otilia, mwezi uliopita ulipita kwetu. Ulituita kwenye nini?"

"Kwenye kazi ya kanivali."

"Hapana. Neno lenyewe ulilotumia."

"Minga."

"Haya. Minga."

Watu wa Otilia walikuja mjini hapa kutoka Kroatia. Sisi, wa kwetu walitoka kisiwa cha Chiloé, na neno hilo tulikuja nalo. Unawaita majirani wakuvutie nyumba ya mbao kwa maksai kuihamishia kiwanja kingine, au wakuchimbie viazi. Unawalisha, hulipi mtu, na aliyekuja humrudishi. Siku hizi neno liko mpaka kwenye matangazo ya maduka, na Otilia alilitumia kwa sababu linajaza ukumbi. Lilikuwa limeujaza kweli.

"Kwetu mwenye minga hamfukuzi mtu," Custodia alisema. "Atamfukuzaje na hakumwajiri? Baba yangu, jirani yake alilewa akiongoza maksai, nyumba yetu ikaishia kwenye matope. Jioni jirani yule alikaa mezani na wengine, akapewa mguu wa kondoo."

"Na nyumba?" Yerko aliuliza kutoka chini.

"Iko palepale. Tulizoea."

Yerko alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chuma. Otilia hakucheka, lakini alivua ile glavu ya pili.

"Bi Nelda," alinigeukia, "sema wewe. Inawezekana au haiwezekani?"

Nilimwambia ninachokijua, kwa mpangilio. Sufu ya kushoto itolewe yote kwenye wavu, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ibonyezwe tu. Ukiisugua itashikamana iwe blanketi. Ubavu ubanduliwe mpaka penye karatasi kavu, ufunikwe upya kwa tabaka jembamba, madirisha yakiwa wazi. Sufu ianikwe nje. Itaganda kwanza, kisha baridi yenyewe itaikausha.

"Leo na kesho," nilisema, "kama mikono ikitosha. Kushona tena ili ifunguke kwa kipande kimoja, hilo mimi silijui."

"Wala mimi," alisema Yerko haraka.

Otilia alikwenda kwenye jiko, akachomoa kitufe cha kuwashia, akampa Custodia.

"Mzee Froilán atapanda. Lakini hiki kikae kwako. Akikiomba, usimpe."

"Hata nikimpa busu?" Froilán aliuliza.

"Hapo ndipo usimpe kabisa," alisema Otilia, na sasa alicheka.

Tulifanya kazi na makoti na kofia, pumzi zikionekana. Kibuyu cha yerba mate, chai yetu chungu ya moto, kilipita mkono kwa mkono, na kila mtu alikishika kidogo zaidi ya ilivyo adabu, kwa ajili ya joto. Maji ya kwanza ya sufu yalitoka meusi, ya pili kahawia, ya tatu kama chai ya maziwa. Tulianika kwenye uzio wa nyuma, na kabla kibuyu hakijamaliza mzunguko sufu ilikuwa imesimama ngumu kama mbao. Otilia alileta mchuzi wa kondoo. Yerko aliuliza kama huyu ni ndugu yake yule, akaambiwa ale anyamaze.

Upande wa kulia wa sufu ulikuwa umepona. Froilán aliushonea kwenye mstari wa tumbo, mishono mirefu upande mmoja, mifupi upande wa pili, akivuta na kulegeza. Mwanga wa dirishani ulipoanza kuwa wa buluu aliinua macho.

"Custodia, toka nje."

"Nje kuna baridi."

"Hii ni ya Jumamosi."

Custodia alichukua fimbo ya kukung'utia mazulia, akatoka. Tukamsikia nyuma ya ukuta akiipiga sufu ili barafu iruke.

Froilán alikunja mikono ya koti. Alipanda telani, akamkumbatia kondoo kwa magoti, mnyama mkubwa mara tatu yake, akaweka mkono wa kushoto kifuani pake. Wa kulia ulishuka na mkasi kutoka kidari hadi tumboni, bila haraka na bila kusita. Sufu ilifunguka, ikalala pembeni, ikaendelea kufunguka yenyewe kuelekea mgongoni. Suruali nyekundu ikaanza kuonekana. Yerko alitoka chini ya tela ili aone. Sufu ilifika begani, ikanasa.

"Bega nimelikaza mno," Froilán alisema, akihema. "Na shingo sijaianza."

Otilia alikuwa ameshika bakuli tupu. "Bega kesho," alisema. "Shuka taratibu."

Alishuka, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye sindano, na ilibidi Otilia aichukue mkononi mwake. Ubavu wa kushoto nilikuwa nimeufunika nusu. Niliichukua ndoo ya gundi niende nayo nyumbani isije ikaganda, nikapita kwa nyuma kumwambia Custodia kwamba sasa anaweza kuingia. Alisema bado ana vipande vya kupiga, na vile vya mwisho vitabaki uzioni mpaka asubuhi.