Mkorofi Asiyechukiwa

Katika mieleka kuna waungwana na kuna wakorofi, na watu wa mji wa León hulipa kiingilio ili wawashangilie wale na kuwatukana hawa. Matusi ndiyo mshahara wa mkorofi. Akitajiwa nyanya yake, akarushiwa bilauri ya bia, akaambiwa arudi machinjioni alikotoka, huyo anakwenda nyumbani akipiga mluzi. Balaa ni kunyamaziwa. Na Vinagre, yaani Siki, alikuwa ananyamaziwa kila Jumapili saa kumi na moja jioni katika ukumbi wa Torzal, mwaka wa tatu sasa.

Tena kunyamaziwa ni neno la heshima. Jina lake likitajwa kwenye spika, watu waliinuka. Walikwenda msalani, walikwenda kununua guacamaya, ule mkate wao wa ngozi ya nguruwe ya kukaanga na pilipili ya kumtoa mtu machozi, walikwenda kusalimia jamaa wa upande wa pili. Naye na kinyago chake cha kijani alitembea kuelekea ulingoni akipishana na migongo yao. Obdulia, kwenye kiti chake cha kila wiki, aliitazama ile migongo na moyo ukamchonyota.

Ukumbini mle, ukimtoa promota, ni Obdulia peke yake aliyeujua uso uliokuwa chini ya kinyago kile. Siri ya kinyago haichezewi. Mpiganaji akishajulikana sura, amekwisha. Chini yake alikuwamo Eleazar, mtoto wa mdogo wake Rosaura, ambaye Obdulia alimlea tangu ana miaka minane. Siku za kazi walikaa meza moja katika karakana ya viatu, Obdulia akipaka gundi, kijana akibandika soli. Eleazar alimwita mama. Kwa ukoo alikuwa mama mkubwa, lakini hilo neno la pili lilikuwa limedondoka zamani, na Obdulia hakuliokota.

Ukitaka kujua mashabiki wanasema nini, hukuwa na haja ya kwenda mbali. Nyuma yake waliketi Don Trini, mkata ngozi mstaafu, na Doña Cuca, muuza vitambaa sokoni, ambaye sauti yake iliogopwa na wapiganaji kuliko kamba za ulingo.

"Siku hizi hakuna mieleka, kuna sarakasi," Don Trini alikuwa akisema. "Uliona ya kwenye runinga jana? Wameongea na kipaza sauti nusu saa, wamepigana dakika nne. Kama nataka maneno si nibaki nyumbani na mke wangu?"

"Mkeo mwenyewe haongei na wewe. Mimi wanaoniudhi ni hawa wapiganaji wanaojiita wana. Mwana wa Komeo, Mwana wa Komeo wa Pili, Mwana wa Komeo Mdogo. Jamani, Komeo namjua, hajawahi kuoa!"

"Lakini Kimondo anajua kuruka."

"Na panzi anajua kuruka. Anapigwa teke la shingo, anaamka anajitengeneza kinyago! Zamani teke lile mtu alikuwa anaitiwa padri."

Obdulia akajifanya anatafuta kitu mkobani. "Na Siki je?"

"Nani?" Don Trini akauliza.

"Yule wa kijani."

"Aa, yule. Yule simchukii."

"Si afadhali?"

"Afadhali nini, dada? Mkorofi nisiyemchukia wa kazi gani? Si sawa na pilipili isiyowasha?"

Doña Cuca hakucheka. Kutukana alikuchukulia kama kazi, na kazi haina mzaha. "Kila mpiganaji ana pahali pake, ukipabonyeza anaruka. Komeo ni upara. Kimondo ni mke wake wa kwanza. Huyu nimemtafuta mpaka nimechoka. Inaonekana haumwi na kitu, na mtu asiyeumwa hawezi kuniuma mimi."

Obdulia akafunga mkoba. Pahali pa kubonyeza alikuwa anapajua.

Rosaura alipovuka mpaka kwenda Kaskazini kutafuta kazi alimwambia mwanawe, Jumapili nakuja kukuchukua. Hakutaja Jumapili ipi. Mtoto akafungasha nguo zake kwenye begi, akaliweka mlangoni, akalikalia. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Hakutaka kuinuka hata kula. Obdulia alimletea sahani palepale, akachuchumaa kando yake, wakala wakitazama barabara. Yakapita majuma kumi na saba. Ndipo siku moja, kwa kukosa la kufanya, akamshika mkono akampeleka Torzal kutazama mieleka, ili mradi tu amtoe juu ya lile begi. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jumapili iliyofuata hakufungasha. Jina la Rosaura halikutajwa tena katika nyumba ile, na si kwa sababu lilisahauliwa.

Jumanne iliyofuata mazungumzo yale ya ukumbini, wakiwa mezani karakanani, Eleazar alisema bila kuinua macho kwenye soli, "Promota amenipa Jumapili moja. Wasipoamka, basi."

"Basi vipi?"

"Basi nabandika viatu mpaka nife, mama. Kwani wewe unaonaje?" Akacheka kidogo. "Na wewe hunisaidii. Umekaa pale kama uko kanisani. Watu wote wanatukana, wewe unashika rozari."

"Nitakutukana vipi mimi?"

"Kama wanavyotukana wengine. Sema lolote. Lolote litakalowaamsha."

Ulimi hauna mfupa, na huu ulikuwa umepewa ruhusa.

Jumapili ikafika. Kimondo aliingia kwa shangwe. Likatajwa jina la Siki, na viti vikaanza kulia, watu wakainuka. Obdulia naye akainuka. "Wewe mkorofi!" akapaza sauti. "Mchafu we! Nenda kaoge!"

Doña Cuca akaangua kicheko. "Dada, hayo ni ya chekechea."

Ulingoni Eleazar alifanya yote aliyofundishwa. Alimvuta Kimondo kinyago, akamtishia mwamuzi, akawafokea watu. Wale waliobaki walikuwa wanatafuna. Kando ya pazia Obdulia akamwona promota anatazama saa yake, kisha anageuka kuondoka. Hapo ndipo lilipomtoka, kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo.

"Mama yako harudi! Kalia begi lako umsubiri! Mama yako harudi!"

Siki alikuwa amepanda kamba ya pili. Akasimama. Mikono ikamshuka. Akageuza kichwa polepole, yale matundu mawili ya kinyago yakitafuta safu kwa safu, na yakampata.

Watu wa mieleka wana pua. Hawakujua ni nini, lakini walinusa kwamba limegusa. Waswahili tunasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na ndivyo ilivyokuwa. Doña Cuca alilidaka palepale: "Ha-ru-di! Ha-ru-di!" Don Trini akaanza kugonga kiti. Safu ya tano ikaitikia, kisha wa juu kule, kisha ukumbi mzima, watu wakirudi mbio kutoka msalani huku wanafunga mikanda. Siki alimrukia Kimondo akampiga kwa namna ambayo haikuwa kwenye mapatano. Alimrarua kinyago, akamsukuma mwamuzi, akang'oa ubao wa matangazo akauvunja gotini. Akaondolewa kwa kuvunja sheria, na alipotoka alitupiwa bia, mbegu za maboga, viatu.

"Sasa huyo ni mpiganaji!" Don Trini alipiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Huyo namchukia!"

Obdulia alikuwa ameketi. Rozari ilikuwa imekatika mkononi mwake na hakukumbuka ilikatika saa ngapi.

Nyumbani alimpikia maharage, akapasha mikate ya mahindi, akaifunika kwa kitambaa isipoe. Eleazar aliingia, akanawa, akaketi. Macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini? Si nilikwambia sema lolote."

"Sikukusudia lile."

"Limefanya kazi. Promota amenipa pambano kuu Jumapili ijayo." Alikula mkate mmoja, polepole, kama mgeni anayeogopa kumaliza. Kisha akainuka na kurudisha kiti mezani. "Asante, mama mkubwa."

Obdulia alidhani ni uchovu. Alisubiri kesho yake karakanani aitwe kama siku zote, akaitwa mama mkubwa. Keshokutwa pia. Alisemeshwa kwa adabu zote, akapishwa mlangoni, akabebewa ndoo ya gundi, na mama hakuitwa tena. Angetukanwa angeshukuru.

Mambo ya Siki yakawaka moto. Jumapili ya pili watu walikuja wameshajua kiitikio. Ya tatu, wakaja na mabegi matupu, wakiyapunga juu ya vichwa. Ya nne, promota akamwambia aingie na begi lake mwenyewe, alikalie katikati ya ulingo kabla ya pambano, ashike tama. Na Eleazar alifanya. Watoto wa miaka minane walikalia mabega ya baba zao wakipiga makofi, ha-ru-di, ha-ru-di, wakicheka, na hakuna aliyekuwa na ubaya moyoni. Kwao ulikuwa utani tu, kama upara wa Komeo.

"Niambie, dada, ulilipata wapi lile?" Doña Cuca humuuliza kila mara, kwa wivu wa fundi kwa fundi. "Mimi miaka thelathini natafuta."

"Lilinijia tu."

"Kipaji hicho. Usikiache kife."

Mwezi wa pili Eleazar akaacha karakana. Mwezi wa tatu akahamia chumba karibu na mahali pa mazoezi, akasema ni kwa sababu ya foleni za magari. Mwezi wa nne wakamwita kutoka mji mkuu, kwenye ukumbi mkubwa unaoonyeshwa kwenye runinga. Obdulia alizipata habari hizo kwa Don Trini. Alikuwa amekaa pale na mkate wake mkononi, mzee anamweleza habari za mtoto wake mwenyewe kama anayezisoma gazetini, naye ikabidi aseme, "Haya, ni vizuri."

Jumapili ya kuaga, Torzal haikuwa na pa kutia mguu. Siki aliingia na begi, akaliweka katikati, akalikalia. Kiitikio kilipasua bati. Obdulia alivumilia mpaka akashindwa. Akasimama juu ya kiti, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti ya gundi na baridi. Jina la kijana lilikuwa mdomoni tayari. Lakini lile jina likitoka mbele ya watu elfu, kinyago hakina maana tena, na mji mkuu hauna maana tena. Akalimeza. Akasema lililobaki.

"Mimi nipo! Nipo, mwanangu! Nilikuwepo siku zote!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Don Trini alijipiga mapaja. "Mama yake kaja! Jamani, mama yake kaja!" Watu wakageuka kumtazama, wakampigia makofi, mtu mmoja akamrushia kofia.

Ulingoni Siki aliinuka. Akamtazama. Obdulia aliona kifua chake kinapanda na kushuka, na kwa muda mfupi alidhani atakuja. Kisha kijana akaweka kiganja sikioni, akainama mbele kama kiziwi, yaani arudie, hakusikia, na watu wakafurahi zaidi. Akampungia mkono akamgeuzia mgongo. Alikuwa amekuwa mkorofi hodari. Haikuwepo haja tena ya kumfundisha.

Baada ya pambano wapiganaji hukaa nje ya ukumbi, na vinyago vyao, kuwawekea watu sahihi kwenye picha. Foleni ya Siki ilizunguka mpaka kona. Obdulia akaingia foleni, Doña Cuca nyuma yake. Walisogea hatua kwa hatua mpaka akafika mbele ya meza. Ile mikono aliijua: gundi ya miaka bado ilikuwa pembeni mwa kucha.

"Niandike kwa nani, bibi?" Eleazar akauliza.

Alitafuta macho ndani ya yale matundu. Yalikuwa yameinamia picha.

"Unanijua," akasema taratibu.

"Naona watu wengi, bibi."

"Haraka, dada, miguu inatuuma," Doña Cuca akamsukuma kwa kiwiko.

Obdulia hakutaja jina. Kalamu ilikaa hewani kidogo, kisha ikaandika haraka, na kijana akamkabidhi picha huku akiwa ameshamtazama anayefuata. Aliisoma kwenye kituo cha basi, chini ya taa ya barabarani. Ilisema: Kwa bibi mwenye sauti kuliko wote. Asante kwa kelele. Siki.

Doña Cuca alimfikia akihema, picha yake mkononi, akachungulia juu ya bega lake. Akasoma mara mbili.

"Ama kweli una bahati," akasema. "Mimi ameniandikia jina tu."