Bakteria Waliodekezwa kwa Mchuzi

Maabara nzima ilijua kwamba bakteria wa Dada Mkubwa hawaguswi. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa makamo, na jina hilo alilipata kwa kumfokea kila mtu kama mdogo wake wa tumbo moja. Bakteria wenyewe aliwatoa kwenye dimbwi la maji machafu ya kiwanda cha ngozi, mahali ambapo hata vyura walishahama. Huko waliishi wakila taka na kuistahimili kromu, sumu inayobaki ngozi ikishatengenezwa. Mpango ulikuwa waongezeke, kisha warudishwe kwa wingi kulisafisha dimbwi lile.

Utaratibu ulitaka walishwe maji ya dimbwi lenyewe. Dada Mkubwa aliona huo ni ukatili. Akawapa mchuzi wa maabara, ule mzito wa nyama na hamira, na kila wiki alichota tone akalihamishia chupa mpya. Kila chupa ilijaa upesi kuliko iliyotangulia. "Wanangu wamenawiri," alijisifu, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza wananawiria nini.

Nyumbani alikuwa na mwingine wa kumlea. Mama yake mzazi, aliyekuwa mpishi wa kantini ya shule hadi alipostaafu, aliteleza jikoni kwake miaka kadhaa nyuma, na binti akamhamishia kwake. Tangu hapo bibi wa watu hakushika kisu wala kiberiti. Chai ilimfuata kitini, na hata chungwa alimenyewa.

"Nirudishe kwangu, mwanangu. Nitajipikia."

"Ukaungue, mama? Wewe kaa, kula."

Mama alikaa, akala. Ombi alilirudia karibu kila jioni, ila siku hizi alilitoa kwa sauti ndogo.

Siku ya jaribio ilipofika, bakteria walimiminwa kwenye pipa la maji ya dimbwi. Maji yakabaki na uchafu wake, na chini ya hadubini bakteria walionekana wamekufa fofofo. Dada Mkubwa alilaumu pipa, kisha joto, kisha waliolisafisha pipa. Mkuu wa maabara akaagiza jenomu yao, yaani jeni zao zote, isomwe, majibu yakaja, akamwita.

"Ni walewale, ila wamepungua. Jeni za kustahimili kromu hazipo. Za kujitengenezea vitamini nazo hazipo."

"Zimeibwa?"

"Hazikuwa na kazi. Kila kitu walikikuta mchuzini. Aliyeangusha mzigo aligawanyika upesi kuliko aliyeubeba, mwishowe wabebaji wakaisha. Ulikuwa unawapongeza walioangusha, dada."

"Nikiwazoesha maji machafu taratibu?"

"Kilichofutika hakirudi kwa kubembelezwa. Kachote matope mapya. Dimbwini wenzao bado wapo."

Alichota matope, akanawa mikono, akapanda basi la nyumbani. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kuhusu mzazi walinyamaza, na kwa mara ya kwanza Dada Mkubwa aliwachukia kwa hilo. Binadamu si bakteria, alijiambia, na jeni za mama ziko palepale zilipokuwa siku aliyozaliwa. Hilo alilijua vizuri kuliko abiria wote, na halikumtuliza hata kidogo.

Alimkuta mama kitini, mikono mapajani.

"Mama, leo pika wewe. Ukipika, Jumamosi nakurudisha kwako."

Mama alimtazama kama anayetaniwa. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni kwa haraka ya mtu mwenye watoto mia nje ya dirisha la kantini. Vitunguu, nyanya, maharage yaliyochemshwa, vyote vilikuwa mezani. Alishika sufuria. Akaiweka. Akaishika tena, akaligeukia jiko, akabaki amesimama.

"Mwanangu," alisema, na aibu ilimjaa usoni, "huwa naanza na nini?"

Dada Mkubwa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mkono wake ulikwishakifikia kisu, kwa mazoea. Akaurudisha. Akavuta kiti, akakaa, akaikalia mikono yote miwili.

"Anza popote, mama. Nitasubiri."

Mama alichukua kitunguu, akakigeuzageuza, akaanza kukimenya polepole mno. Ganda lilimtoka vipande vipande, na kipande kimoja kikaanguka chini. Binti hakukiokota.